Muulize Bibi Shamba: Rai imenifika magotini

Shikamoo Bibi Shamba. Nina kijishamba cha kukodi hapa Leicester, Uingereza. Rai, nafaka ya jamii ya ngano, niliyopanda Septemba iwe mbolea ya kijani (mmea wa kufukiwa urutubishe udongo), imevuka baridi na sasa, Machi, inanifika magotini. Nataka kupanda viazi na karoti. Niing'oe?

Marahaba mwanangu. Kung'oa kwa nini, na mizizi ndiyo mali yenyewe? Fyeka wiki hii, kabla haijatoa masuke. Shina likikomaa haliozi upesi. Majani yakinyauka, yafukie. Mgongo ukikataa jembe, funika kwa turubai jeusi. Kisha subiri wiki 3 hadi 4: rai inayooza hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota, na karoti ni mwathirika wa kwanza. Viazi havijali sana, tangulia navyo.