Uvimbe wa kinena kwa mama: huenda si tezi

Dada, pole na mama. Umesema ana uvimbe wa ukubwa wa ndimu kwenye kinena, unatokeza akibeba beseni la dagaa hapo Ujiji, na ameshapewa dawa za tezi mara mbili. Huenda ni ngiri, yaani utumbo kupenya kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Wengi hudhani ni ya wanaume tu. Hapo ndipo wanawake wanapocheleweshwa. Ile inayotokea chini ya mkunjo wa paja huwapata zaidi wao, na tundu lake ni jembamba, utumbo hunasa upesi. Mpeleke hospitali ya Maweni, aombe apimwe amesimama, akikohoa, kisha utrasaundi. Ikithibitika, tiba ni upasuaji, asikandwe. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukauma, akaanza kutapika, mkimbizeni usiku huohuo.