Mikisa ya video ya mtumba: geuza mashine uone mgongo kabla ya kuhesabu batani

Mkuu, nimekusoma. Una kamera tatu za HDMI, unarusha makongamano na harusi mubashara, unataka na kona ndogo ya studio, na umepata mikisa (mashine ya kuchagua na kuchanganya picha za kamera) kubwa iliyotolewa kwenye kituo cha televisheni: ingizo 16, yaani matundu 16 ya kuingizia picha, paneli imejaa batani, bei sawa na kamikisa kapya ka HDMI. Wadau wamekwambia uchukue haraka. Mimi nakwambia subiri kidogo. Mikisa za mtumba ndizo ninazofanyia kazi hadi leo, kwa hiyo siji kukukatisha tamaa, ila hizo ingizo 16 zisikupagawishe. Muhimu ni picha ya aina gani inaingia, na ya aina gani inatoka.

Mashine za vituo karibu zote ni SDI, njia ya kupitisha video inayotumika kwenye televisheni, kwa kebo ya BNC, ile ya kichwa cha duara unachokizungusha kikajifunga. Kamera zako ni HDMI. Maana yake kila kamera inadai konveta yake ya kugeuza HDMI kuwa SDI, kila konveta inadai adapta yake ya umeme, na hapo hatujaigusa kompyuta ya mtoa mada. Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo useme bei ni nzuri. Faida ya SDI nayo ipo, tena kubwa: BNC inajifunga, haichomoki mtu akijikwaa, na kwa kebo nzuri picha ya HD inakwenda karibu mita 100. HDMI ya shaba ikipita mita 10 au 15 unaanza kuomba dua.

Halafu uliza ni SDI ya kizazi gani. Ya SD hupitisha megabiti 270 kwa sekunde, ya HD gigabiti 1.485, ya 3G gigabiti 2.97. Namba ya kwanza ni mistari ya picha, herufi "i" ni fremu (picha moja kamili) inayotumwa kwa nusu mbili, "p" ni fremu nzima kwa mara moja, na namba ya mwisho ni nusu au fremu ngapi kwa sekunde. Picha ya 1080i50 au 720p50 inatosha kwenye HD ya kawaida, lakini 1080p50 haipiti humo, inataka 3G. Vituo vingi vilijengwa kwa 1080i, na ndiyo sababu mikisa nyingi zinazotoka huko zinaishia hapo. Muuzaji akiandika "Full HD" hajadanganya, mistari 1080 ipo kweli. Shida utaiona mtandaoni: kama hakuna kitu kinachounganisha nusu mbili za fremu vizuri, mkono wa msemaji ukipunga unatoa mistari kama meno ya chanuo. Hata zile ATEM Television Studio za kwanza, mikisa za Blackmagic Design za mwaka 2011, haziendi hadi 1080p50, na mbele hazina batani za kukatia picha, lazima uwe na kompyuta au paneli ya pembeni. Bado ni mashine nzuri kwa mtu anayelijua hilo kabla ya kulipa.

Sasa jambo linaloumiza watu wengi kwenye makongamano: kompyuta ya mtoa mada. Inatoa picha 60 kwa sekunde, wewe umeweka mikisa kwenye 50, kioo kinabaki cheusi na ukumbi mzima umekugeukia. Mikisa nyingi za zamani haziwezi kubadilisha umbo la picha inayoingia, yaani idadi ya mistari na ya picha kwa sekunde. ATEM Television Studio HD ya 2017, kwa mfano, ina ingizo nne za SDI na nne za HDMI, zote zinasawazishwa fremu (mashine yenyewe inazipanga picha zianze pamoja), lakini zote lazima ziwe za umbo lile lile uliloiwekea mashine. ATEM Mini iliyotoka 2019 ni ndogo na ya plastiki, ila kila ingizo lina kigeuzi chake cha umbo la picha, unachomeka chochote. Kwa hiyo ukichukua kubwa, tenga fedha ya skela moja nzuri, kifaa cha nje cha kubadilisha umbo la picha, kwa ajili ya kompyuta tu. Na kama mashine ni ya zamani zaidi, isiyosawazisha fremu kwenye ingizo, itataka kamera zote zifungwe kwa jenloki, yaani mapigo ya pamoja yanayoletwa kwa kebo ili zianze kila picha kwa wakati mmoja, na kamera zako za HDMI bila shaka hazina tundu hilo. Hapo achana nayo bila mjadala. Vivyo hivyo na zile za kompozit, video ya zamani ya analogi, kama Edirol V-4: kwa ma-VJ wanaochezesha video kwenye muziki bado zina raha yake, kwa kazi yako hapana.

Ukienda kuiona, nenda na kamera yako, konveta yako na kebo ndefu. Nasisitiza ndefu. Ingizo lililochoka linapokea vizuri kwa kebo ya mita moja ya muuzaji, ukiweka ya mita 50 unaanza kuona vichembe vyeupe vikimetameta, au picha inakatika na kurudi. Pitisha kamera ile ile kwenye kila ingizo, moja baada ya jingine, na kila ukifika utikise BNC kwa vidole viwili. Kisha shika ule wenzo wa kuchanganyia picha, usogeze taratibu hadi mwisho. Kitambuzi chake kikiwa kimechakaa, mchanganyiko haufiki mwisho: picha ya zamani inabaki kama kivuli hafifu juu ya mpya, au wenzo unaruka katikati. Mara nyingine ni suala la kukalibreti, yaani kuifundisha mashine upya mwanzo na mwisho wa wenzo, kwenye menyu, kwa hiyo jaribu hilo kabla ya kukata tamaa. Bonyeza batani zote. Ndiyo, zote. Taa ya batani kuwaka haina uhusiano na mguso wake kufanya kazi. Mwisho hifadhi mpangilio, zima, chomoa umeme kabisa, mnywe soda, washa tena. Ikiwa imesahau kila kitu, betri ya ndani imekufa. Nyingi ni za kubadilisha, ila ni hoja ya kupunguzia bei.

Iache iwake saa mbili wakati mnaongea. Pawa saplai iliyochoka inaweza kukaa sawa mwanzoni, ikipata joto ndiyo inaanza vituko. Sikiliza na feni pia: fremu kubwa, yaani boksi lenye mitambo yenyewe, zilijengwa kukaa chumba cha mitambo, ukiiweka kwenye studio ya chumba kimoja, maikrofoni zitaisikia.

Hakikisha paneli ya batani, boksi hilo la fremu na kebo inayoviunganisha vinauzwa pamoja. Kuna wauzaji wanaovitenganisha, na kupata nusu iliyobaki ya modeli iliyokufa sokoni ni kazi ya kuchosha mno. Leseni nazo uliza, hasa kwa mashine ambazo kwa ndani ni kompyuta. TriCaster, mikisa ya aina hiyo ambayo imekuwepo tangu 2005, inatembea juu ya Windows: hadidiski yake inazeeka, na Windows ya zamani siitaki kwenye mtandao. Mimi hizo nanunua tu kama naweza kuirejesha programu yake mwanzo mbele ya muuzaji.

Kuhusu ilikotoka: ya studio imewashwa usiku na mchana kwa miaka, feni na kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme kwenye pawa saplai) zimechoka. Ya kampuni ya kukodisha imewaka saa chache, lakini imerushwarushwa kwenye magari na matundu yamelegea. Nachagua ya studio. Feni nabadilisha mwenyewe, tundu la BNC lililong'oka kwenye bodi sitaki hata kulisikia.

Usisahau ucheleweshaji wa picha. Kusawazisha fremu hula takriban fremu moja, yaani milisekunde 40 kwenye fremu 25 kwa sekunde, konveta zinaongeza zao, prosesa ya skrini ya LED inaongeza zake. Mtandaoni unachelewesha sauti, yamekwisha. Ukumbini huwezi: wa mbele wanamsikia msemaji papo hapo huku mdomo kwenye skrini ukimfuata nyuma. Aliyekaa mita 34 kutoka jukwaani sauti yenyewe inamfikia baada ya milisekunde 100 hivi, yeye hatagundua kitu. Malalamiko yatatoka viti vya mbele, na huko ndiko anakokaa anayekulipa.

Kwa hali yako, hiyo kubwa ningeichukua kwa studio tu, na iwe ya 3G. Kazi za nje zifanye na ndogo yenye vigeuzi, hata ikiwa nayo ya mtumba. Weka hapa modeli kamili, na upige picha upande wa nyuma, maandishi ya kila tundu yasomeke. Ya mbele usihangaike nayo.