Shamba darasa limebaki na watu wanane: tutoe posho?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mtama, Chamwino. Shamba darasa letu lilianza na watu thelathini, sasa wanakuja wanane. Wenzangu wanataka tutoe posho. Ndiyo dawa?

JIBU: Ndugu katibu, posho achaneni nayo. Siku itakapokosekana mtabaki na wanane walewale, tena wamenuna. Niulize kwanza: nani alichagua kinachojaribiwa hapo? Mara nyingi mada hushuka na afisa ugani, mkulima akaitwa kutazama tu. Mashamba darasa yalipoanza Indonesia mwaka 1989, wakulima wa mpunga ndio walioingia shambani kila wiki, wakahesabu wadudu, wakachora walichokiona, kisha wakaamua wenyewe.

Huko kwenu ubishi uko kwenye kuberega, yaani kusafisha shamba na kupanda bila kulima. Wataalamu wanaukemea mtindo huo, lakini mzee anayeberega ana hesabu zake: mvua ni msimu mmoja, na akisubiri trekta atapanda kwa kuchelewa. Basi bishaneni shambani. Robo eka igaweni mara mbili: upande mmoja mberege, wa pili mlime matuta na kuziba mifereji yake kwa vijituta kila baada ya hatua mbili tatu, maji yasikimbie. Mbegu iwe moja, tuseme Macia, ipandwe siku moja, samadi sawa. Mkibadilisha mambo matatu kwa mpigo hamtajua lipi limeleta tofauti. Mvua kubwa ikipita, chimbeni pande zote mshike udongo, muone unyevu umefika wapi. Mavuno yapimwe kwa debe mbele ya wote. Andikeni pia siku za kazi za kila upande, maana matuta yanakula nguvu, na mama mwenye jembe la mkono na mtoto mgongoni hawezi kushangilia magunia bila kujua hilo.

Saa ya kukutana wapange kina mama, si mwenyekiti. Na mavuno ni ya nani? Kama yanaishia ghalani kwa mwenye shamba, hao waliotoweka wameshaelewa. Andikeni makubaliano kabla ya kupanda.

Yanayozidi uwezo wa kikundi, kama lambo, yapelekeni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana sauti pale, na muhtasari uandikwe. Kwa kwelea kwelea, wale ndege wanaokula mtama, msisubiri mkutano. Mwambieni afisa ugani mara tu mkijua wanalala wapi, kwa sababu dawa hupigwa kwenye malalo yao jioni, si kwenye mtama wenu mchana.