Namtaja dereva

Swali lenu la wiki hii, "Ni mwenzako yupi wa kazini aliyetangulia mbele ya haki unayemkumbuka zaidi, na kwa lipi?", limenikuta nimetoka msibani. Mimi ni mkaguzi wa dawa mstaafu. Nilikuwepo Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilipoanza Julai 2003, Bodi ya Famasi na Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Chakula zilipounganishwa. Mwaka 2019 chakula kikahamia Shirika la Viwango, TBS, sisi wa dawa tukabaki na jina jipya, TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tangu hapo ni misibani tunakokutana wote.

Najua mnategemea nimtaje mkurugenzi au mfamasia. Namtaja dereva.

Miaka ile kichwa kilituuma kwa maduka ya dawa baridi. Yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini ukiinama chini ya kaunta unakuta antibaotiki na sindano. (Ndiyo sababu mwaka huohuo 2003 kule Ruvuma yakaanza kujaribiwa maduka ya dawa muhimu, DLDM, wauzaji wakafundishwa kwanza.) Shida yetu ilikuwa gari. Lina namba za SU, za shirika la umma, likikanyaga stendi tu habari imeshafika mtaa wa pili. Mkishuka, milango imefungwa: huyu kafiwa, yule yuko shamba.

Marehemu ndiye aliyesema gari liachwe gereji. Anatangulia kwa miguu, shati lina grisi, anaulizia dawa ya mtoto anayeharisha, huku macho yako kwenye rafu. Akirudi: "Duka la tatu, kopo la kwinini. Jina la kiwanda limeruka herufi." Hakusoma famasi hata siku moja. Safari ya kwanza nilimpuuza, nikaona dereva ananifundisha kazi. Tulipokwenda kesho yake lile kopo halikuwepo, na yeye hakunisema. Kimya chake kiliniuma kuliko kusemwa.

Kuna na dada yetu wa maabara, naye hayupo. Yeye alisafiri na sanduku la Minilab, maabara ndogo ya kubeba ya kupimia dawa, mapajani kama kabeba mtoto, maana vichupa vingevunjika kwenye makorongo. Gesti ikiwa na meza, hiyo ndiyo maabara: tembe inasagwa, inayeyushwa, tone linawekwa kwenye kibamba, kibamba kinasimamishwa kwenye kimiminika, tone linapanda nacho taratibu, kisha linalinganishwa na tone la dawa halisi. Doa lisipotokea, dawa hamna humo. Usingizi hakuna mpaka doa lionekane, na chai ya usiku alikuwa akiichemsha dereva.

Walifariki wote kabla ya Desemba 2018, WHO ilipotangaza kwamba udhibiti wa dawa wa Tanzania umefika ngazi ya tatu ya ukomavu kati ya nne, wa kwanza Afrika. Siku ile tulipiga makofi sana. Mimi nilikuwa nawaza chai ya gesti.

Mara ya mwisho nilimkuta dereva wodini, miwani puani, kasha la dawa zake karibu na dirisha. Nesi alikuwa anamngoja ameze. Akaniuliza, "Mzee mwenzangu, hii imesajiliwa kwetu?" Nikamwonyesha namba ya usajili. Akaisoma mwenyewe, polepole, akasema afadhali, akaomba maji.