Betri imekata na Jumamosi tuna safari ya Pangani

SWALI: Fundi shikamoo. Jumamosi tunaenda Pangani kumsalimia bibi, mimi na mke wangu pikipiki moja, kaka na shemeji nyingine, sasa yangu imekaa tu ndani tangu masika, jana nabonyeza stata inalia tik tik tik taa zinafifia. Ni ya injeksheni, haina kiki. Si tuisukume tu iwake, itajichaji njiani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hapana mdogo wangu, usiondoke hivyo na mtu umempakia nyuma. Injeksheni bila umeme pampu haisukumi mafuta, kwahiyo betri ikiwa imekufa kabisa mtasukuma mpaka mchoke na haiwaki, na hata ikiwaka, mkisimama kunywa maji ukazima, hapo ndo mmebaki.

Fungua siti kwanza uangalie terminali, pale waya zinapofungwa kwenye betri, mara nyingi zimelegea au zimeota ule unga mweupe, safisha kaza. Halafu tafuta mita, hata fundi redio wa mtaani anayo, pima pikipiki ikiwa imezimwa: betri ya volti 12 ikijaa inasoma 12.6 kwenda juu, ukikuta 12 au chini ya hapo chaji imeisha. Ikachajiwe polepole, yaani betri ya Ah 5 (ampea-saa, ukubwa wake umeandikwa ubavuni) inapewa ampea 0.5 tu, usikubali mtu aiweke kwenye chaja kubwa ya betri za lori ati iwahi, ataiua. Ukiitoa anza na waya mweusi, ukirudisha huo unakuwa wa mwisho, na sigara ikae mbali maana gesi yake inalipuka.

Ikitoka chaji iache ilale, asubuhi pima tena. Ikiwa imeshuka yenyewe chini ya 12.4 imechoka, nunua nyingine, hapo usinibishie. Ikisimama vizuri, irudishe, washa, panda resi kidogo na upime palepale kwenye betri, 13.5 mpaka 14.5 ni sawa. Isipopanda, basi shida ni koili ya chaji (inayozalisha umeme injini ikizunguka) au rektifaya (inayourekebisha umeme huo uingie kwenye betri), na hata betri mpya itakufa vilevile, na hapa ndo watu wanapoteza hela jamani, mara betri mpya mara betri mpya kumbe mgonjwa ni mwingine kabisa. Na usije ukachomoa betri injini inaunguruma, kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inaungua.

Ukilazimika kuibusti, yaani kuiwasha kwa waya kutoka betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa. Ila kama mpaka Ijumaa jioni hiyo chaji haijaeleweka, wewe na mkeo pandeni basi, pikipiki ibaki kwa fundi.