Re: Nimenunua gari mkononi, nimekuta lina madeni ya tochi

Mkuu, umeuliza nani alipe faini za mwendo kasi zilizopigwa na tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo, kabla hujanunua gari. Kwa haki ni aliyekuuzia, lakini mfumo unasoma namba ya gari, mkataba wenu hauujui. Trafiki akiingiza namba hiyo kwenye mashine, deni linamwangukia aliyeshika usukani siku hiyo, yaani wewe.

Ingia leo hii kwenye TMS, mfumo wa mtandaoni wa polisi wa Tanzania wa kuangalia faini za barabarani, andika namba ya gari. Utaona kila kosa, tarehe, mahali na namba ya kumbukumbu ya malipo. Linganisha tarehe moja moja na ya mkataba. Kosa moja ni shilingi 30,000, na likikaa bila kulipwa linaongezewa adhabu. Mtumie muuzaji picha ya ukurasa huo alipe kwa simu. Akikuzungusha, lipa mwenyewe uendelee kumdai. Usisubiri gari lizuiwe ukiwa safarini na familia.

Yaliyopigwa baada ya wewe kununua ni yako, hapo hakuna ubishi. Wengi wananaswa wakitoka kijijini: nyumba zimeisha, wanakanyaga mafuta, kumbe kibao cha kumaliza kikomo cha kilomita 50 kwa saa, kile cheupe chenye mistari myeusi, bado kiko mbele. Mimi siiti huo uonevu, maana watoto wa shule wanavuka hapo hapo. Ila ukisimamishwa, omba kwa heshima uonyeshwe picha: namba iwe ya gari lako, na mwendo usomeke.