Kabla hujamtoa straika wako kwa mkopo, jua nani atampa mpira

Kijana wa kwanza niliyemtoa kwa mkopo, yaani kwenda kuichezea timu nyingine kwa muda kisha arudi, alikuwa na miaka 19, na katika timu yetu ya vijana hakuna aliyekuwa amefunga mabao mengi kama yeye. Timu mbili zilimtaka. Moja ilikuwa ya Ligi Kuu, ya mkoani. Nyingine ilikuwa ya Daraja la Kwanza, ngazi moja chini yake, na uwanja wake hauna hata jukwaa la maana. Nikaangalia ukubwa wa ligi, nikachagua Ligi Kuu. Niliona nampa heshima anayostahili.

Hadi dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, linafunguliwa alikuwa amecheza dakika 74, zote akitokea benchi. Nilifunga safari kwenda kumtazama, na kosa langu nililiona ndani ya robo saa ya kwanza. Timu ile ilicheza mipira mirefu: beki anabutua, straika wao mmoja mrefu mwenye mwili anagombea kichwa, viungo wanakimbilia kinachoanguka. Kijana wangu alikuwa na kilo 61 na alizoea pasi za kupenyezwa nyuma ya mabeki. Katika kikosi kile hapakuwa na hata mchezaji mmoja wa kumpenyezea pasi hiyo. Kocha wake hakumchukia, wala kijana hakuwa mvivu. Mimi ndiye niliyempeleka mahali ambapo kipaji chake hakikuwa na kazi.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye mabenchi ya ufundi ya timu za vijana, na ninyi mliopewa jukumu la kuwafuatilia wachezaji wa mkopo, kwa sababu kosa hili bado naliona likirudiwa kila dirisha la usajili.

Straika ni tofauti na wengine. Ukimpeleka kipa kwenye timu dhaifu, atapigiwa mashuti mpaka achoke, na humo humo atajifunza. Beki naye hivyo hivyo, kazi itamfuata mwenyewe. Lakini straika kwenye timu isiyofika mbele atamaliza mechi amegusa mpira mara kumi, tano kati ya hizo akiwa ameupa lango mgongo. Miezi sita ya namna hiyo inamharibu. Anaanza kushuka mpaka katikati ya uwanja kuutafuta mpira, anazoea kukaa mbali na goli, na akirudi kwako unapokea kiungo asiyejua ukiungo.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "ligi gani?" Liwe "nani atampa mpira?" Ili ulijibu, nenda ukaitazame timu inayomtaka mara mbili, nyumbani na ugenini, maana timu nyingi za kwetu zikicheza ugenini hubadilika kabisa, zinajilinda dakika zote tisini. Ukiwa pale, macho yako yasimfuate straika wao. Watazame mabeki wa pembeni: wanapanda? Wakipanda, wanapiga krosi au wanarudisha mpira nyuma? Mtazame kiungo mchezeshaji: akipokea mpira anageuka kutazama mbele, au anautoa pembeni kwa usalama wake? Chukua kalamu uhesabu mipira inayoingia kwenye boksi. Kisha mfikirie kijana wako, ujiulize moyoni kama mipira hiyo ni yake. Kuna kijana wa krosi, kuna kijana wa pasi ya chini, na kuna yule anayefunga mipira iliyotemwa na kipa.

Baada ya hapo ndipo utazame nani yuko mbele yake katika namba yake, yaani nafasi anayocheza. Wakenya wanaikumbuka vizuri habari ya straika wao Michael Olunga. Msimu wa 2017/18 alitolewa kwa mkopo kutoka China kwenda Girona ya Hispania, timu iliyokuwa imepanda La Liga kwa mara ya kwanza. Januari 2018 aliifunga Las Palmas mabao matatu katika ushindi wa 6-0, na Afrika Mashariki nzima tukashangilia. Lakini namba ile ilikuwa ya Cristhian Stuani, ambaye msimu huo alifunga mabao 21 ya ligi. Kocha gani atamkalisha mtu wa mabao 21? Olunga akaenda Japani, Kashiwa Reysol, mahali ambapo timu ilijengwa imtafute yeye, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 ya ligi na kutangazwa mchezaji bora wa J1, ligi kuu ya Japani. Ni mchezaji yule yule mwenye mguu ule ule wa kushoto.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Harry Kane, straika wa England, kwa sababu una pande zote mbili. Januari 2011, akiwa na miaka 17, Tottenham ilimpeleka Leyton Orient, daraja la tatu. Mwaka uliofuata akaenda Millwall, daraja la pili, timu iliyokuwa ikipambana isishuke. Pale alifunga mabao 9, na timu ikabaki. Kisha akapelekwa Norwich, Ligi Kuu, akavunjika mfupa wa mguu na kuondoka bila bao. Nusu ya mwisho ya msimu huo akaenda Leicester iliyokuwa inataka kupanda, akafunga 2 tu na kuzoea benchi. Ukisimamia majina, Norwich na Leicester ndiyo mikopo mikubwa. Ukisimamia mafunzo, Millwall imezishinda zote mbili, kwa sababu kule alicheza kila wiki na watu wazima ambao mkate wao ulitegemea pointi tatu. Msimu wa 2014/15 aliifungia Tottenham mabao 31 katika mashindano yote.

Mtu aliyekuwa na takwimu zake za Leicester peke yake angemwacha aende zake. Hilo nataka mlishike: mkopo uliokwenda vibaya si hukumu ya kijana. Kabla hujamhukumu, itazame timu uliyompeleka.

Wala simaanishi kwamba lazima ashuke daraja. Romelu Lukaku alitoka Chelsea kwenda West Brom mwaka 2012, ligi ile ile, akiwa kijana wa miaka 19, akafunga mabao 17 ya ligi msimu huo. West Brom walimhitaji. Neno ni hilo, kuhitajiwa.

Sasa, utajuaje kama anahitajiwa? Usiishie kwa mwenyekiti. Mwenyekiti anaweza kumtaka kijana wako kwa sababu tu hana gharama, au kwa sababu jina la klabu yako litapendeza kwenye tangazo la usajili. Zungumza na kocha. Muulize atamchezesha namba gani, peke yake mbele au pembeni ya mwenzake, na straika wake wa kwanza ni nani. Akikujibu "tutamwangalia akifika", rudi nyumbani na kijana wako. Kocha anayemhitaji atakuambia kitu alichokiona: jinsi anavyotoka mgongoni mwa beki, au jinsi anavyokaba kuanzia mbele.

Halafu zungumza na kocha msaidizi pia. Hili hakuna aliyenifundisha, nililijua kwa maumivu. Kwenye ligi zetu kocha mkuu anaweza kuondolewa baada ya mechi sita, na kijana aliyeletwa na kocha aliyeondoka anabaki yatima pale kambini. Kocha mpya anakuja na watu wake. Msaidizi mara nyingi ni mwenyeji, anabaki, na ndiye atakayemwambia kocha mpya, "Huyu dogo usimwache, anajua goli."

Kwenye makaratasi nitapita haraka, maana kuna watu wa sheria kwa kazi hiyo, ila mambo machache yasimame. Mkataba uwe wa maandishi, useme nani analipa mshahara, nani anamtibu akiumia, na kama unaweza kumrudisha dirisha dogo. Kwa mikopo ya kuvuka mipaka, kanuni za FIFA zilizoanza Julai 2022 zinazuia mkopo kuzidi mwaka mmoja, na zinaikataza timu iliyomchukua isimkopeshe tena kwa timu nyingine. Kumbuka pia kwamba ndani ya msimu mmoja mchezaji huweza kucheza mechi rasmi kwa klabu mbili tu. Ukimwingiza dakika tano kwenye mechi yako ya kwanza ya ligi, kisha ukamtoa kwa mkopo akacheza huko, dirisha dogo likifika hana pa kwenda isipokuwa kurudi kwako. Nimeona dakika tano za kumfurahisha kijana zikimfungia nusu msimu.

Kuhusu mshahara, msimamo wangu ni huu: timu inayomchukua ichangie, hata kidogo. Kitu kisichokugharimu hukioni ukikiacha benchi. Lakini pesa zote zipitie kwako, kijana alipwe na wewe kwa tarehe yake, kisha wewe ndiye uwadai wenzako. Mtoto wa miaka 18 aliye mbali na kwao, ambaye mshahara haujaingia miezi miwili na anakula kwa mkopo kwa mama lishe, hawezi kutulia mbele ya kipa.

Na neno lenyewe, mkopo, lina uzito ambao sisi wa ofisini tumeshauzoea. Niliwahi kwenda nyumbani kwa kijana mmoja kuieleza familia. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu: "Sasa baba, mwanangu mmemwazima watu kama sufuria?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo siruhusu kijana apate habari hii kwa simu, au mbaya zaidi, aione kwenye ukurasa wa klabu. Nakaa naye, na mzazi akiwepo ni bora. Namwambia kwa nini anakwenda, ninataka arudi na kitu gani, na ni siku gani nitakwenda kumtazama. Kitu hicho kiwe kimoja au viwili. "Kapate uzoefu" si maelekezo. "Kajifunze kuushika mpira beki akiwa mgongoni mpaka wenzako wafike" ni maelekezo.

Wakati mwingine mkopo bora ni kumwacha alipo. Liverpool walipomnunua Divock Origi mwaka 2014, kijana ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars ya Kenya, walimwacha Lille msimu mzima. Klabu zetu kubwa zikiona kijana anafunga huko mkoani, zinamsajili leo na kesho yuko Dar es Salaam anasugua benchi. Msajili, lakini mwache amalize pale ambapo winga anajua mwendo wake.

Akishakwenda, kazi yako ndiyo inaanza. Mpigie siku inayofuata mechi, si usiku ule ule, maana usiku ule ana hasira au ana furaha, na vyote viwili vinaficha. Usianze na "umefunga?" Muulize goli la wapinzani lilitokana na nini, uone kama ameitazama mechi au amejitazama mwenyewe. Na uwe na daftari. Langu lina safu nne: dakika alizocheza, mara alizogusa mpira ndani ya boksi, mashuti, na mara alizokimbia nyuma ya beki hata kama pasi haikuja. Safu ya nne ndiyo ninayoisoma kwanza. Straika anayekosa mabao lakini bado anakimbia ni mzima. Aliyeacha kukimbia kwa sababu pasi haziji ndiye wa kumwahi.

Kijana wa pili niliyemtoa alikwenda Daraja la Kwanza, akacheza mechi saba bila bao. Ofisini wakataka arudishwe. Nikafungua daftari nikawaonyesha safu ya nne: mbio 11, mbio 14, mbio 12. Tatizo lilikuwa winga wao, anachelewa kuachia mpira, kijana anaotea kila mara. Nikampigia kocha msaidizi. Wakaanza kubaki wawili hao baada ya mazoezi, mipira ishirini kila siku, winga akifundishwa kutazama bega la straika badala ya miguu yake. Mechi ya nane akafunga. Alimaliza msimu na mabao 8.

Kurudi kuna ugumu wake, na hapo klabu nyingi zinaharibu zilichojenga. Kijana anarudi kwenye maandalizi ya msimu na kukuta straika mwingine ameshatambulishwa, jezi aliyoitaka imegawiwa, na hakuna aliyesoma ripoti yake. Kabla dirisha halijafunguliwa, iweke ripoti mezani kwa kocha mkuu, ukurasa mmoja tu, na uombe apewe mechi za kirafiki, angalau mbili akianza. Akikataa, mwambie kijana ukweli mapema, mtafute pengine pa kwenda wakati bado kuna muda.

Siku anayorudi, nenda ukampokee. Yule wa pili nilimfuata stendi, basi lake lilichelewa mpaka saa mbili usiku. Nilimuuliza beki gani alimsumbua zaidi. Akaweka begi chini palepale katikati ya watu, akanigeuzia mgongo, na kunionyesha jinsi beki mmoja wa umri wa kumzaa alivyokuwa akimshika jezi kiunoni sekunde moja kabla krosi haijapigwa, na namna alivyojifunza kuuondoa ule mkono kwa kiwiko bila mwamuzi kuona kosa.